Boya la Kwanza, Karibu na Ngazi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeficha jambo. Naliandika leo kwa sababu muuguzi ameniambia moyo wangu umechoka, na kwamba mtu wa umri wangu hupanga mambo yake mapema. Alisema kwa upole mwingi. Upole wa muuguzi ni habari mbaya kuliko maneno yake.

Jambo lenyewe ni hili. Mashua yangu, ile yenye turubai la kijani, iliyofungwa kwenye boya la kwanza karibu kabisa na ngazi za bandari, si mashua. Ilikuwa. Injini haimo tangu zamani. Mbao za chini zimeliwa na wadudu wa baharini, samaki wadogo wanaingia na kutoka kama watoto wa jirani. Kinachoifanya ielee ni madumu matupu ya mafuta ya kupikia, niliyoyasokomeza chini ya turubai moja baada ya jingine, kwa siri na kwa subira. Subira hiyo ningeitumia kwa mema, ningekuwa na sehemu yangu peponi tayari.

Atakayesoma haya nikishaondoka aelewe uzito wake. Mji wetu ni mdogo, mashua ni nyingi, maboya ni machache. Yaliyo ndani ya ukuta wa mawe yana maji matulivu. Yaliyo nje ya ukuta yanapigwa na mawimbi, na miezi ya bahari mbaya ikifika, anayefunga mashua huko halali. La kwangu liko ndani, tena la kwanza. Na linashikilia madumu.

Niliamua kumwambia binti yangu baada ya chai. Ndiye anayenitunza, ndiye anayestahili kujua. Nilikohoa kikohozi cha kuanzia. Akanitangulia. Akasema huko sokoni gumzo ni moja tu: Katibu wa bandari ameitisha mkutano, maboya yote yatagawiwa upya, safari hii kwa haki.

Nimeahirisha kuungama. Mtu haungami katikati ya dharura.

Jumanne, 5 Agosti

Katibu amekuja mwenyewe. Nilimfundisha darasa la nne. Ana upara sasa, lakini bado anakaa kwenye ncha ya kiti kama anayengoja kuulizwa jedwali la saba. Alisema kamati inataka vigezo. Kila mwenye mashua apewe alama kwa kila kigezo, zijumlishwe ubaoni mbele ya watu wote, mwenye nyingi achague boya kwanza. Akasema mimi tu ndiye ninayeweza kuviandika. Watu hapa hawaaminiani, alisema, lakini Mwalimu wanamwogopa, na hofu ni nusu ya uaminifu.

Nikasitasita kama inavyopasa. Nikataja moyo wangu. Nikataja macho yangu. Nikakubali kabla hajapata nafasi ya kunionea huruma.

Kumpa fisi bucha, watasema. Waseme. Nani mwingine hapa anajua kupanga vigezo?

Jioni amepita mpwa wangu, mtoto wa kike wa marehemu dada yangu. Watu wanamwita Nahodha. Mashua yake ndiyo inayovusha wanafunzi na wagonjwa kwenda ng'ambo ya ghuba, kuliko na zahanati, na ndiyo inayoniletea dawa. Boya lake liko nje ya ukuta, la mwisho kabisa. Mwaka jana mawimbi yaliitupa mashua kwenye miamba, ubavu mzima ukapasuka, akaiunda upya kwa mikono yake. Ikipasuka tena, amesema fundi, haitaundika. Na kwa kuwa huko nje hakuna ngazi, abiria wake hupanda wakiwa ndani ya maji hadi kiunoni, wajawazito wakiwemo.

Aliniwekea dawa mezani. Akasema, "Mjomba, kunywa na chakula, si na chai tupu." Hakuniomba lolote kuhusu maboya. Hili ndilo linaloniudhi kwake. Mtu akikuomba, unamkatalia, mnamaliza. Asipoomba unabaki naye kichwani.

Nimeandika kigezo cha kwanza: umri wa mwenye mashua. Mkubwa zaidi apate alama nyingi kuliko zote. Ni haki. Mila zetu zote zinasema hivyo. Na mkubwa kuliko wote ni mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Si mimi.

Mkutano ulikuwa kwenye banda la kuhifadhia nyavu. Ubao ulisimamishwa juu ya mapipa. Nilisoma kigezo cha umri kwa sauti ya shule, wote wakapiga makofi. Katibu akaniandikia alama zangu kwa chaki. Hapo shemeji yangu akasimama.

Shemeji ni kaka wa marehemu mke wangu. Alikuwa fundi cherehani, sasa ana kimashua cha kuvulia kwa mshipi na magoti mabovu, na analitaka boya langu kwa ajili ya hayo magoti. Tangu nimwoe dada yake amekuwa mdogo wangu. Kwa msingi huo alinibebea mizigo, alinifulia mashati ya harusi, na alinisalimia kwanza kila asubuhi. Leo ametoa kitambulisho mfukoni, akampa Katibu. Kumbe ni mkubwa wangu. Alipunguza miaka alipokuwa anachumbia, maana wazazi wa mkewe hawakutaka mzee. Kisha akaona aibu kuirudisha. Akasema kitambulisho kimesema ukweli siku zote, ila hakuna aliyekiuliza.

Katibu alifuta alama zangu kwa kiganja cha mkono. Hata kitambaa hakutafuta.

Shemeji hakutosheka na alama. Aligeuka mbele ya banda zima akasema anasubiri. Nikamuuliza anasubiri nini. Akasema anasubiri shikamoo yake. Na za miaka iliyopita zote, akasema, nitampa kwa awamu, hana haraka.

Nimempa moja. Alijibu "marahaba, mdogo wangu" na kuniwekea mkono kichwani. Mpwa wangu, kule nyuma, aliinamia wavu akajifanya anatafuta kitu.

Kigezo cha pili kiliniokoa kidogo: usafi wa maji. Mashua isiyomwaga mafuta baharini ipate alama kamili. Zilikaguliwa pande zote za kila mashua. Yangu ilitoka ya kwanza, maji yanayoizunguka yanang'aa kama kioo. Katibu aliniomba niwaeleze wenzangu siri yake. Nikasema nidhamu. Shemeji akasema hata kaburi halimwagi mafuta.

Kisha mchuuzi wa samaki, ambaye hana mashua wala adabu, akauliza itakuwaje kwa mashua ambazo haziendi popote. Watu wakanigeukia kwa namna nisiyoipenda. Katibu akasema wazo ni zuri. Jumamosi kila mashua itoke kwenye boya lake, izunguke nguzo ya taa kule baharini, irudi. Isiyozunguka haina alama hata moja.

Nilisema ni kuwasumbua wazee. Shemeji akasema yeye, kama mzee kuliko wote, hasumbuki.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijakata tamaa. Nimetumia asubuhi nzima kwenye kigezo cha tatu, na nadhani ni kazi bora niliyoiandika tangu nistaafu. Udhaifu wa mwili. Mashua inayohudumia mgonjwa ipate alama kwa ajili ya ugonjwa wake, na wagonjwa wa moyo wapate mara mbili. Nikaongeza aya kuhusu utu. Binti yangu alipoisoma macho yalimlowa. Nikajionea fahari.

Kamati ilikutana mchana. Kigezo kikapita bila hata mmoja kupinga. Mchuuzi wa samaki mwenyewe alisema hapo Mwalimu amenena.

Halafu Katibu akaanza kuhesabu. Mgonjwa wa moyo, mmoja, ndani ya mashua ya Mwalimu. Akaandika. Kisha akamgeukia mpwa wangu, akamuuliza yeye huhudumia wagonjwa wangapi. Mpwa akasema hajui, ni wote. Wote wapi? Wote wanaokwenda zahanati. Wakaanza kuwataja. Bibi wa kisukari. Fundi baiskeli aliyevunjika nyonga. Wajawazito, kila mmoja alama zake na za mtoto wake, kwa pendekezo la mchuuzi. Chaki iliisha, ikaletwa nyingine. Na mwisho kabisa Katibu, kijana mwadilifu niliyemfundisha mwenyewe kutoruka hata tarakimu moja, akauliza: na Mwalimu je, dawa zake zinaletwa na nani, na akienda kupimwa huvushwa na nani?

Mpwa alijaribu kunyamaza. Namshukuru kwa hilo. Lakini Shemeji alijibu badala yake.

Kwa hiyo nimehamishwa. Alama za moyo wangu, mara mbili, zimefutwa kwangu na kuandikwa kwake. Mimi ni mgonjwa wake. Nilichimba shimo nikatia na ngazi ya kushukia.

Imebaki kuzunguka nguzo. Nikizunguka nguzo bado nitapata alama za kutosha kushika boya lolote la ndani, hata kama si la kwanza. Ila madumu hayazunguki nguzo.

Nimekwenda kwa Shemeji. Nimempa shikamoo kabla hajaidai. Nikamwambia injini yangu inasumbua kidogo, basi kesho anivute kwa kamba, kamba ipite chini ya maji, tuonekane tunafuatana tu kama wazee wawili wanaopunga upepo. Akasema turubai lile alinishonea yeye, na alipokuja kulipima alisikia chini yake mlio kama wa ngoma. Hakuuliza wakati ule kwa sababu alikuwa bado mdogo wangu.

Bei yake: shikamoo mbele ya watu kila siku hadi mmoja wetu afe. Nimekubali. Kwa afya yangu, si deni kubwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kutoka kitandani. Nguo zangu ziko kambani.

Mji mzima ulishuka bandarini. Sikujua tuna watu wengi hivi. Siku ya kulipa ada ya kuzoa taka huwa hawaonekani. Mashua zilitoka moja moja. Mpwa alizunguka nguzo na kurudi akiwa tayari amepakia abiria wawili, maana aliona hasara kwenda bure.

Zamu yangu. Nilikaa kwenye ubao wa nyuma, kofia kichwani, mkono mmoja juu ya usukani ambao haushiki kitu. Shemeji alitangulia, kamba ikazama vizuri. Tukaanza kutembea. Nakiri kwamba kwa dakika moja nilijisikia mwenye mashua. Nilimpungia mkono binti yangu. Akanipungia.

Tulipovuka mwisho wa ukuta upepo ukaingia chini ya turubai. Lilijaa kama shavu la mpiga tarumbeta, likang'oka upande mmoja. Dumu la kwanza likatoka. Likaelea kuelekea ngazi, taratibu, kama lina miadi. La pili likalifuata. Nikalikanyaga la tatu kwa mguu, likaponyoka la nne. Halafu yakatoka yote pamoja, ya njano na ya bluu, msafara mrefu, na chini yangu maji yakaanza kupanda. Shemeji, asiyesikia vizuri, aliendelea kuvuta.

Nilibaki nimekaa. Hilo niliweza. Maji yalifika kifuani, ubao ukiwa bado chini yangu, kofia ikiwa bado kichwani. Kutoka ngazini hakuna aliyecheka. Walinionea huruma, na huruma ya umati ni kitu kizito. Kisha nikaisikia sauti ya binti yangu, ikivuka maji bila taabu: "Hayo si madumu yangu?"

Ni yake. Kwa miaka amemlaumu jirani. Wameacha kusalimiana kwa ajili ya madumu hayo. Jirani alikuwa amesimama pembeni yake.

Hapo ndipo walipocheka.

Mpwa alikuja na mashua yake, akaniingiza ndani akisaidiana na abiria wake. Mmoja alikuwa bibi wa kisukari. Alinifunika kanga yake na kuniuliza kama najua kuogelea. Nikamwambia hilo si swali la sasa.

Jumapili, 10 Agosti

Binti yangu haongei nami. Ameniletea supu, ameiweka mbali na mkono wangu kidogo, ili ninyooke. Amekwenda kwa jirani kuomba radhi. Amekaa huko asubuhi nzima na nimesikia vicheko vyao hadi hapa.

Katibu amekuja na matokeo. Alisimama mlangoni, nadhani kwa kuwa hakujua kama bado mimi ni mtu wa kukaliwa kwenye ncha ya kiti. Mpwa wangu amekuwa wa kwanza, amepewa boya langu. Atahamia kesho asubuhi, mapema, kwa sababu bahari inaanza kuchafuka na wavuvi wanasema usiku wa kesho utakuwa mbaya. Shemeji amekuwa wa pili. Mabaki ya mashua yangu yamevutwa ufukweni. Watoto wanachezea usukani.

Baadaye amekuja mpwa mwenyewe. Hakuja kunicheka. Alikaa chini kando ya kitanda akasema, "Mjomba, bila kile kigezo chako cha wagonjwa nisingefika hata tano bora. Najua hukukiandika kwa ajili yangu. Lakini ahsante." Akasema huu utakuwa mwaka wa kwanza atalala usingizi bahari ikichafuka. Atafunga mashua, atapanda ngazi, atalala. Alilirudia neno hilo, atalala, kama mtu anayetaja nchi anayokwenda kuishi.

Alipoondoka nilijaribu kusoma gazeti. Halikusomeka.

Kuna jambo la pili. Sikuliandika Jumatatu kwa sababu nilidhani la kwanza lingetosha.

Boya linashikwa na mnyororo, na mnyororo unashikwa na jiwe la zege chini ya maji. Minyororo huliwa na kutu. Alikuja mpiga mbizi mwaka mmoja kukagua yote, na mimi nikamwambia la kwangu limeshakaguliwa, kwa sababu angezama pale angeiona mashua yangu kutoka chini. Akaandika kwamba ni zima, akaenda zake. Siku moja maji yalikupwa kuliko kawaida, nikauona mnyororo wenyewe. Pete zake zimekonda kama hereni za mtoto. Kwa madumu ulitosha. Kwa mashua nzito yenye injini, usiku wa mawimbi, na ukuta wa mawe pembeni pale, hautashika.

Nikisema, kuna kanuni. Afichaye ubovu wa boya ataondolewa bandarini maisha yake yote, wala hataruhusiwa kushuka ngazi. Ni kanuni kali mno. Niliiandika mimi. Nilikuwa nalishuku boya la Shemeji.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilijaribu njia zote za heshima kwanza. Ieleweke hivyo.

Asubuhi nilimwita binti yangu nikamwambia nimeota ndoto mbaya kuhusu boya la kwanza, akamwambie dada yake, Nahodha, asihamie. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Jumamosi: kwamba ndoto ni za dawa mpya, zimeandikwa kwenye kikaratasi. Lakini alikwenda. Akarudi na jibu. Mpwa anasema pole, Mjomba, nile kabla ya kunywa.

Nikamtuma aniitie Shemeji. Shikamoo, marahaba. Nikamshauri akate rufaa, adai boya la kwanza kwa ajili ya magoti, kamati isimamishe uhamisho hata kwa siku moja. Akakataa. Amesema tangu awe mkubwa watu wanamsikiliza, wanampisha kwenye foleni ya mkate, na hawezi kuchezea cheo kwa kugombana na mwanamke anayebeba wagonjwa. Akaniuliza kwa nini namwonea mtoto wa dada yangu. Nikasema simwonei. Akasema basi niache.

Nikafikiria kumwandikia Katibu bila jina. Lakini alijifunza kuandika kwa kunakili mwandiko wangu ubaoni. Angejua kabla hajamaliza mstari.

Dirishani niliona mashua ya mpwa ikiingia ndani ya ukuta. Upepo ulikuwa umeshaanza kugongesha mabati. Ngazini wamesimama wanafunzi na muuguzi wangu, wakishangilia kwamba leo watapanda bila kulowa.

Nikashuka. Nilitoka na ndala, shati la kulalia, na fimbo. Njia ni fupi, lakini si kwa moyo huu. Nilipumzika kwenye kizingiti cha kila duka, na kila mwenye duka aliniuliza naenda wapi, na kila mmoja nilimdanganya kitu tofauti. Nilipofika ngazini mpwa alikuwa ameinama kwenye boya, anapitisha kamba kwenye pete.

Nilisema. Kwa sauti niliyodhani sina tena. Usifunge, mnyororo umeoza.

Wote wakageuka. Katibu akasema rekodi inaonyesha ni mzima. Nikasema rekodi ni uongo wangu. Mvuvi mmoja akavua shati, akazama. Alipoibuka alikuwa na kipande mkononi. Akakiminya tu, kikavunjika kama biskuti, unga mwekundu ukamtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko.

Mpwa wangu alikitazama kile kipande, halafu ukuta wa mawe, halafu mimi. "Ulijua, Mjomba?"

Nikasema nilijua.

"Na jana nilipokaa pale chini nikakushukuru, ulijua?"

Nikasema ndiyo. Nikaanza kuueleza mwaka wa mpiga mbizi. Akaniinulia kiganja, nikanyamaza. Mimi ndiye niliyezoea kunyamazisha watu kwa kiganja.

Yaliyofuata yalifanyika bila vigezo, jambo lililonikera hata katika hali ile. Hakuna aliyeuliza nani ana alama ngapi. Shemeji alikisogeza kimashua chake kushoto. Mwingine akasogeza kulia. Wakafunguliana kamba, wakasukumana, wakatukanana kidogo, na ndani ya ukuta ikapatikana nafasi ambayo kwa hesabu zangu haikuwepo. Mashua ya Nahodha ikafungwa katikati, kwa kamba za watu wengine, upande huu na upande ule. Nimezirudia hesabu zote kichwani na bado sielewi ilitoshaje.

Mpwa hakunisemesha tena. Alipopita kando yangu akipanda ngazi, alifungua mfuko wake, akatoa dawa zangu za wiki, akazitia mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Akaenda zake.

Katibu alinisindikiza nyumbani. Njiani alinisomea kanuni yangu mwenyewe, kwa upole. Hakukosea hata nukta.

Alhamisi, 14 Agosti

Usiku ule bahari ilichafuka kweli. Maboya mawili ya nje yalikatika. Ndani ya ukuta hakuna kilichoguswa. Binti yangu anasema mpwa alilala hadi jua likampiga usoni, wanafunzi wakachelewa shule, na hakuna aliyemlaumu. Jana limewekwa jiwe jipya na mnyororo mpya, nasikia unene wake ni kama mkono. Nasikia, kwa sababu siruhusiwi kushuka kuuona.

Muuguzi amenipima. Moyo haujawa mzuri wala haujawa mbaya zaidi. Amesema kuungama kumenisaidia. Nikamwambia alete kipimo kinachoonyesha hivyo.

Mpwa amekuja leo. Alisema "kunywa na chakula" na kuondoka. Ni mwanzo.

Sasa kuna suala la benchi.

Juu kabisa ya ngazi, kabla ya kushuka, kuna benchi la mbao. Kanuni inanizuia kushuka ngazi. Haisemi lolote kuhusu juu ya ngazi. Niliisoma mara mbili kuhakikisha, nikaona niliandika vizuri. Tatizo ni kwamba benchi halina utaratibu wowote. Anayefika kwanza anakaa. Huu ni ushenzi. Shemeji ameshaanza kulikalia tangu Jumanne na amepeleka mto wake mwenyewe. Nimemwandikia Katibu kwamba kamati haina budi kuweka vigezo, na kwamba niko tayari kuviandaa licha ya afya yangu. Rasimu ninayo. Umri nimeuacha. Kigezo cha kwanza ni alama kwa aliyeondolewa bandarini kwa kusema kweli. Nimewahesabu katika mji wote, nimempata mmoja. Kigezo cha pili: anayekaa kwenye benchi asalimiwe kwanza na kila anayepita, bila kujali nani ni mkubwa wa nani.

Binti yangu amesoma rasimu akiwa amesimama. Akaniuliza, baada ya yote haya, benchi nalitakia nini. Nikamwambia upepo. Akaniuliza, na boya lile nililishikilia miaka yote hiyo kwa nini, mtu ambaye hata kasia hashiki. Nikamwambia nilipenda bahari.

Siipendi. Inanitapisha. Nimetapika ndani ya mashua iliyofungwa, siku isiyo na wimbi, na kusingizia mkate. Mwaka niliostaafu nilizunguka soko zima asubuhi moja, nikarudi nyumbani na kapu limejaa, na hakuna mtu hata mmoja aliyenisalimia. Lakini nikikaa mashuani kwenye boya la kwanza, karibu na ngazi, hakuna awezaye kushuka bila kupita mbele yangu, na kila aliyepita ilimbidi aseme: Shikamoo, Mwalimu.